Wanaoingia Ndani ya Tufani

(Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma huko Kigwa, Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora.)



Mahali hapa pana historia ya safari. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita Tura, ikapita Rubuga, ikafika Kigwa. Na ilipofika Kigwa wapagazi walijua kwamba Tabora imekaribia. Waingereza Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Waliondoka pwani mwishoni mwa Juni, wakaingia Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba. Huo ni mwendo wa zaidi ya miezi minne.

Mbele ya kila msafara alitembea kirangozi. Kazi yake kubwa ilikuwa ni kujua njia: wapi kisima kimekauka, wapi mto umefurika, wapi kuna vita. Mamia ya watu waliomfuata walitegemea ukweli wa maneno yake. Kirangozi aliyesema kwamba maji yapo, hali yeye mwenyewe hakuyaona wala hakumwuliza aliyeyaona, aliweza kuuangamiza msafara mzima.

Mazungumzo haya yanahusu virangozi wa aina nyingine, wa zama hizi. Ni marubani na wataalamu wa hali ya hewa ambao huingiza ndege zao ndani ya kimbunga kwa makusudi, ili wapime kilichomo na kuwaambia walio nyuma. Bila shaka wapo watakaouliza: Kigwa ni bara, na bahari iko mbali zaidi ya kilomita 600, tufani za baharini zinawahusu nini walimu na watumishi wa Uyui? Swali hilo ni la haki, na jibu lake la kwanza limo katika historia ya njia hii hii ya misafara.

Tarehe 15 Aprili, 1872, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Hakuna aliyekitazamia, kwa sababu wenyeji walizoea kuamini kwamba vimbunga ni balaa ya Morisi na Bukini, si ya kwao. Kwa saa chache tu meli za Sultani Barghash na majahazi yaliyojaa bandarini yakavunjwa. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa. Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa kikuu cha karafuu. Upepo wa siku moja uligeuza uchumi wa visiwa viwili kwa vizazi vilivyofuata.

Habari hizo zilifikaje huku? Zilifika kwa miguu. Mwezi ule wa Aprili Dakta Livingstone alikuwa Kwihara, karibu na Tabora, akingojea wapagazi kutoka Unguja. Stanley, aliyeagana naye tarehe 14 Machi, alikuwa bado njiani kwenda pwani. Aliukuta mji wenye ngome wa Simbamwene, jirani na Morogoro ya leo, umebomolewa na mafuriko ya mto, na alifika Bagamoyo tarehe 6 Mei. Wapagazi aliowapeleka kwa Livingstone walifika Unyanyembe mwezi Agosti, miezi minne baada ya kimbunga kupita. Nguo, shanga na waya za shaba, ambazo ndizo zilizokuwa fedha ya njia hii, zote zilipitia bandari ile iliyoharibiwa. Kwa hiyo hasara ya pwani ilikuwa pia hasara ya bara. Tofauti ilikuwa kwamba bara iliipata hasara kwanza na habari zake baadaye.

Yafaa tuelewe vizuri ubaya wa hali hiyo. Mtu wa Unguja mwaka 1872 hakupungukiwa akili wala ujasiri. Alipungukiwa kipimo. Hapakuwa na mtu yeyote duniani aliyekuwa baharini, mahali kimbunga kilipokuwa, mwenye njia ya kumpelekea neno kwamba mgandamizo wa hewa umeshuka, upepo una kasi kadha, na mwelekeo ni wa magharibi. Onyo lolote haliwezi kuwa bora kuliko kipimo kinacholizaa. Na kipimo hakijileti chenyewe. Lazima awepo mtu wa kukifuata.

Mtu wa kwanza kukifuata kwa ndege kwa makusudi ndani ya kimbunga alikuwa Kanali Joseph Duckworth wa Jeshi la Marekani, tarehe 27 Julai, 1943. Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa akiongoza chuo cha Bryan, jimbo la Texas, ambako marubani walifundishwa kuruka kwa kutegemea vyombo bila ya kuona nje. Kimbunga kilipokaribia Galveston, Duckworth alitaka kuthibitisha kwamba mafunzo yale na ndege zile za kufundishia vinaaminika. Alimchukua mwongoza njia, Luteni Ralph O'Hair, wakaingia ndani ya kimbunga kwa ndege yenye injini moja, wakafika katika jicho lake, wakarudi salama. Walipotua, ofisa wa hali ya hewa, Luteni William Jones-Burdick, naye akataka kuona. Duckworth akaenda naye mara ya pili siku ile ile. Safari ya kwanza ilikuwa ya kujaribu ujasiri. Safari ya pili, iliyombeba mtu wa vipimo, ndiyo iliyokuwa ya sayansi.

Tangu hapo kazi hiyo imekuwa ya kudumu. Leo kikosi cha 53 cha Jeshi la Anga la Akiba la Marekani, chenye makao Biloxi, jimbo la Mississippi, hutumia ndege za aina ya WC-130J zenye injini nne za rafadha. Idara ya bahari na hewa ya nchi hiyo, iitwayo NOAA, ina ndege mbili za aina ya P-3 zilizoanza kazi hiyo katika miaka ya 1970, pamoja na ndege ya jeti ambayo haiingii ndani bali huzunguka juu na kandokando ya kimbunga, kwenye kimo cha kilomita 13 hivi, ikipima hewa itakayokisukuma. Safari moja huchukua saa nane hadi kumi.

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Ndege huingia kwa kimo cha mita 3,000 hivi, ikalikata jicho la kimbunga kutoka upande mmoja hadi wa pili, kisha ikageuka na kulikata tena kwa njia nyingine. Kulizunguka jicho kuna ukuta wa mawingu, na humo ndimo zilimo pepo kali kuliko zote. Ndani ya jicho lenyewe mara nyingi pametulia, na jua huweza kuonekana. Watu hudhani kwamba ndege itavunjwa na kasi ya upepo. Sivyo. Upepo unaokwenda sawasawa huichukua ndege kama mkondo wa mto uchukuavyo mtumbwi. Mtumbwi husogea, lakini hauvunjiki. Hatari iko katika hewa inayopanda na kushuka kwa ghafula, ambayo ni kama mtumbwi kuanguka kutoka maporomoko.

Wakiwa humo, mafundi huangusha kupitia tundu maalumu kifaa chembamba chenye uzito usiofika nusu kilo, kilichofungwa mwavuli mdogo. Kinaposhuka kuelekea baharini kifaa hicho hupima mgandamizo wa hewa, joto, unyevu, na kasi na mwelekeo wa upepo, na hutuma namba hizo kwa redio zaidi ya mara moja katika kila sekunde, hadi kinapozama. Hakiokotwi tena. Mtaalamu aliyemo ndani ya ndege huzikagua namba, akazituma kwa setilaiti hadi kituo cha vimbunga cha Miami. Kutoka huko ndipo hutoka maneno wanayoyasikia wananchi redioni: hameni, au kaeni.

Kazi hii imekula watu. Tangu mwaka 1945 ndege sita zimepotea katika safari za kupima vimbunga na tufani, pamoja na watu zaidi ya 50. Mwezi Septemba 1955 ndege ya Jeshi la Wanamaji la Marekani iliingia ndani ya kimbunga Janet katika bahari ya Karibi ikiwa na watu 11, tisa wakiwa ni wanajeshi na wawili waandishi wa habari kutoka Kanada. Haikuonekana tena. Mwezi Oktoba 1974 ndege nyingine ilipotea pamoja na watu sita ndani ya tufani Bess, katika bahari ya kusini ya China.

Tarehe 15 Septemba, 1989, ndege ya NOAA iliyotoka Barbados ikiwa na watu 16 iliingia ndani ya kimbunga Hugo. Walidhani kimbunga kile ni cha nguvu ya kadiri, kwa hiyo wakaingia chini sana, kwa kimo cha mita 450 hivi. Kumbe kilikuwa kimekwisha kuwa cha daraja la juu kabisa. Katika ukuta wa jicho injini moja iliwaka moto ikazimwa, na ndege ikashuka hadi chini ya mita 300 kutoka baharini kabla ya marubani kuidhibiti. Walitokea ndani ya jicho, wakazunguka humo wakimwaga mafuta ili ndege iwe nyepesi na ipande juu. Ndege ya jeshi iliyokuwa humo humo kwenye kimo cha juu ikawatafutia sehemu ya ukuta iliyokuwa laini kuliko nyingine, ikaipita kwanza, kisha ikawaambia wapite. Wote wakarudi salama.

Tukio hilo lina somo ambalo halimo katika ushujaa wake. Wataalamu wale, wenye vyombo bora kuliko watu wote wa wakati wao, walikaribia kufa kwa sababu waliamini makisio yaliyofanywa kutoka mbali kabla ya kupata kipimo cha karibu. Na waliokolewa na mwenzao aliyetangulia akaipima njia, kisha akasema kweli.

Hapa linakuja swali la pili, ambalo ni la busara: je, setilaiti hazikuondoa haja ya ndege? Setilaiti huona bahari yote, usiku na mchana, wala hazichoki. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Vernon Dvorak alibuni njia ya kukadiria nguvu ya kimbunga kwa kuangalia umbo la mawingu katika picha za setilaiti, na njia hiyo imeokoa watu wengi sana. Lakini picha huonyesha zaidi paa la kimbunga. Haiwezi kusoma mgandamizo wa hewa pale chini, mtu anapoishi. Mwezi Oktoba 2015 kimbunga Patricia, magharibi mwa Mexico, kiliongezeka nguvu kwa kasi isiyo ya kawaida, na ndege ndizo zilizogundua kwamba kilikuwa kimevunja rekodi zote za sehemu ile. Mwezi Oktoba 2023 kimbunga Otis kilifanya hivyo hivyo mbele ya mji wa Acapulco. Ndege ilipokifikia mchana wa siku ile na kutoa habari za nguvu yake ya kweli, muda uliobaki ulikuwa wa saa chache tu. Usiku ule kikaingia mjini kikiwa cha daraja la juu kabisa, na watu 50 hivi wakapoteza maisha. Kipimo kilichochelewa kilikuwa cha kweli, lakini hakikuwa na siku moja ya kuwahamishia watu.

Sasa tuitazame bahari yetu. Bahari ya Hindi ya kusini magharibi hupata kwa wastani tufani tisa au kumi zenye kupewa majina kila mwaka. Hakuna kikosi cha ndege kinachoingia ndani yake mara kwa mara. Kituo kikuu cha sehemu hii kipo kisiwani Réunion, chini ya idara ya hali ya hewa ya Ufaransa, nacho hukadiria nguvu ya vimbunga zaidi kwa picha za setilaiti. Kimbunga Idai kiliipiga Beira mwezi Machi 2019, kikaua watu zaidi ya 1,000 katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kimbunga Freddy kiliivuka Bahari ya Hindi yote mwezi Februari na Machi 2023, kikaishi muda mrefu kuliko kimbunga chochote kilichopata kurekodiwa, na kikaua watu wengi sana Malawi. Hakuna ndege zilizokuwa zikipishana ndani ya vimbunga hivyo kama zipishanavyo katika Ghuba ya Mexico.

Ni dhahiri kwamba hapa pana suala la usawa. Mwaka 2006 wanasayansi wa Marekani walipeleka ndege ya utafiti katika visiwa vya Cape Verde ili kuchunguza mawimbi ya hewa yatokayo bara la Afrika, ambayo mengine huvuka bahari yakawa vimbunga vya Amerika. Walifanya vema, maana maarifa hayo ni ya binadamu wote. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kimbunga hupimwa sana pale panapokuwa na mali ya kukipimia, si pale panapokuwa na watu wengi wa kukiogopa. Wahenga walisema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Mnyonge basi afanye nini? Akae pwani akingojea apewe ndege?

Historia ya Afrika Mashariki yenyewe imekwisha kulijibu swali hilo. Kabla ya mwaka 1977 nchi zetu zilikuwa na Idara ya pamoja ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi. Idara hiyo haikuwa ndogo machoni pa dunia: D. A. Davies, aliyekuwa mkurugenzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani tangu mwaka 1955 hadi 1979. Katika miaka ya 1960 mtaalamu aliyekuwa huko, J. Findlater, alikusanya vipimo vya upepo vilivyopatikana kwa maputo yaliyorushwa kutoka vituo vya Afrika Mashariki. Aliviweka pamoja akaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelithibitisha: wakati wa kusi, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, kuna mto mwembamba wa upepo unaotoka upande wa Bukini, ukavuka ikweta juu ya nyanda za mashariki ya Kenya, ukageukia Uarabuni na India. Wakati mwingine kasi yake huzidi kilomita 100 kwa saa. Upepo huo ni sehemu kubwa ya pepo zinazopeleka mvua India, na dunia sasa huuita kwa jina la Findlater.

Mwaka 1977 ndege ndogo ya utafiti iliruka mashariki ya Kenya kuupima upepo huo kutoka ndani yake, na mwaka 1979 ndege kubwa za utafiti za Marekani zikafika Bahari ya Arabuni kuuchunguza pamoja na pepo nyingine za mvua za India. Lakini angalieni mpangilio wa mambo. Ndege zilikuja mwisho. Waliotangulia ni makarani wa vituo, waliorusha puto asubuhi, wakalifuata kwa darubini hadi likapotea machoni, wakaandika namba katika daftari. Wengi wao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Kama wangaliandika namba za kubuni, Findlater asingaliona mto wowote wa upepo, na ndege zisingalijua ziende wapi.

Idara ile ya pamoja ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na nchi yetu ikalazimika kuanzisha yake. Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada, ina vituo, na ina chuo chake Kigoma, katika mwisho wa reli hii hii ya kati. Kimbunga Hidaya kilipoukaribia mwambao mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ilitoa tahadhari mapema. Safari za vyombo vya baharini zikasimamishwa, na wavuvi wakaambiwa wabaki nchi kavu. Tarehe 4 Mei kikafika Mafia. Barabara ya kusini ilikatika upande wa Kilwa, na hasara ilikuwapo. Lakini hali haikuwa ile ya Unguja mwaka 1872, wala ya Lindi, iliyopigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952. Watu walijua. Na walijua kwa sababu vipimo vya nchi nyingi, vikubwa na vidogo, vilikusanywa pamoja kwa wakati.

Sasa turudi Kigwa, maana jibu la pili ni hili. Wanasayansi wameonyesha kwamba tufani iliyo baharini, mashariki ya Bukini, inaweza kuvuta pepo za magharibi kutoka Kongo na kuongeza mvua Afrika Mashariki. Tufani ikikaa mahali pengine huweza kuuvuta unyevu huo huo ukaondoka. Kwa hiyo mkulima wa tumbaku au mahindi wa Uyui, anayetazama mbingu mwezi Machi, pengine anatazama mkia wa jambo linalotendeka baharini. Anayeweza kulithibitisha hilo si rubani. Ni mtu mwenye kipima mvua.

Kipima mvua ni chombo cha unyonge: mtungi, faneli, na chupa yenye alama. Vingi vimewekwa katika shule, misheni na mashamba, na wanaovisoma ni walimu na watumishi wa kawaida. Husomwa kila siku saa 3 asubuhi. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja katika kila mita moja ya mraba. Katika ekari moja hiyo ni lita zaidi ya 4,000. Kosa la milimita kumi si kosa dogo.

Walimu wanajua mahali ugonjwa unapoanzia. Jumamosi na Jumapili hakuna anayekwenda kusoma chombo. Jumatatu maji ya siku tatu yamo ndani ya chupa, na mkono unashawishika kuyagawa: kidogo Jumamosi, kidogo Jumapili, yanayobaki Jumatatu. Au likizo imekwisha, fomu ya mwezi inatakiwa mjini, na nafasi zilizo wazi zinajazwa sifuri. Lakini sifuri ni kipimo. Inasema kwamba mtu alikwenda, akatazama, na hapakuwa na mvua. Nafasi iliyo wazi inasema kwamba hakuna aliyetazama. Mtaalamu anaweza kufanya kazi na nafasi iliyo wazi. Sifuri ya uongo humdanganya, na baada yake hudanganya kila mtu.

Uongo huo haukai ndani ya fomu. Utabiri wa msimu hulinganishwa na wastani wa miaka 30. Mhandisi anayejenga kalvati hukadiria mafuriko kwa kumbukumbu za mvua za miaka iliyopita. Bwana shamba hushauri siku ya kupanda kwa kutazama mvua zilivyoanza miaka ya nyuma. Mvua iliyopikwa ofisini mwaka huu inaweza kuivunja kalvati miaka 20 ijayo, siku ambayo watoto wanakwenda shule, na hakuna mahakama itakayoweza kumpata mwenye kosa.

Hali ni hiyo hiyo kwa onyo. Tahadhari ya mvua kubwa ikifika ofisini Ijumaa mchana na kubaki mezani hadi Jumatatu, haina tofauti na tahadhari isiyotolewa. Wale waliozama pamoja na Janet hawakufa ili namba zao zikae mezani. Mtumishi anayepokea onyo ni sehemu ya mwisho ya safari iliyoanzia ndani ya tufani au angani kwenye setilaiti. Akilala yeye, wote waliotangulia wamefanya kazi bure.

Kwa hiyo, Ndugu Walimu na Ndugu Watumishi, madai ya kwamba nchi za Bahari ya Hindi nazo zishirikiane, hata siku moja ziwe na ndege za kupima tufani zao, ni madai ya haki, na yafaa yasemwe katika mikutano inayohusika. Lakini anayedai kipimo kikubwa hana budi aonekane kuwa mwaminifu katika kipimo kidogo. Kesho saa 3 asubuhi, kila palipo na kipima mvua, yupo mtu anayepaswa kwenda kukisoma. Akikuta maji, aandike maji. Asipokuta, aandike sifuri. Asipokwenda, aache nafasi wazi, na aseme kwamba hakwenda. Kirangozi wa njia hii hakudaiwa zaidi ya hayo.